SOMO LA VIKUNDI VYA KUJIFUNZA: MOTA YA UMEME INAYOSHIKA BOTI MAHALI PAMOJA, NA HESABU YAKE



Katika mkutano wa chama kimoja cha wavuvi hapa Ugalla, mwanachama kijana alisimama akaonyesha katika simu yake picha za mvuvi wa Marekani aliyekuwa peke yake ndani ya boti. Mvuvi yule alibonyeza kitufe kimoja, akaendelea kuvua kwa ndoano huku mikono yake yote miwili ikiwa huru. Na boti yake, ingawa upepo ulikuwa ukivuma, haikuondoka mahali pake. Nanga haikuwapo. Kijana akapendekeza chama kikope fedha za kununua mashine 6 za namna ile. Wengi wakapiga makofi. Ndipo mzee mmoja wa nyuma akauliza: "Ndugu Mkaguzi, mashine hiyo inamjua kiboko?" Mkutano ukacheka, na shauri likaahirishwa hadi mkutano mkuu ujao.

Swali la mzee lilistahili jibu zaidi ya kicheko, na pendekezo la kijana halikustahili kudharauliwa. Somo hili limeandikwa ili mkutano ujao uamue kwa kujua. Limeandikwa pia kwa vyama vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako hali ya maji ni nyingine na huenda jibu nalo likawa jingine.

Mashine yenyewe

Mota ndogo ya umeme ya kusukumia boti si jambo jipya. Ilitengenezwa mwaka 1934 na Bwana O. G. Schmidt katika mji wa Fargo, jimbo la North Dakota, Marekani. Kampuni iliyotokana na kazi yake, Minn Kota, ilichukua jina kutoka majimbo mawili jirani, Minnesota na North Dakota. Kazi ya mota hiyo tangu mwanzo ilikuwa moja: kumsogeza mvuvi wa ndoano polepole, bila kelele, mahali ambapo injini kubwa ingewatisha samaki. Haikukusudiwa kumtoa mtu bandarini na kumfikisha ng'ambo.

Kilichoongezwa baadaye, yapata mwaka 2010, ni kuiunganisha mota hiyo na kipokezi cha GPS. GPS ni mpango wa setilaiti za Marekani ulioanza mwaka 1973 na kukamilika mwaka 1995. Setilaiti hizo huizunguka dunia kwenye kimo cha kilometa 20,200 hivi, na kila moja hutangaza wakati wake bila kukoma. Kipokezi kinachosikia setilaiti nne au zaidi hupima jinsi kila tangazo lilivyochelewa kufika, na kwa hesabu hiyo hutambua mahali kilipo. Yafaa wanachama waelewe jambo hili vizuri, maana wengi hudhani GPS ni kitu cha mtandao wa simu. La hasha. Haihitaji mnara wala salio. Katikati ya pori la Ugalla, ambako simu haishiki, GPS inafanya kazi kama inavyofanya kazi Dar es Salaam.

Mvuvi anapobonyeza kitufe, mashine hukariri mahali hapo. Tangu hapo hujiuliza kila mara: niko wapi, na nilitakiwa kuwa wapi? Ikiwa upepo umeisukuma boti hatua tatu, dira ndogo iliyo ndani huonyesha upande wa kuelekea, mota hujigeuza yenyewe, propela huzunguka, na boti hurudi. Kwa hiyo mashine hii ni nanga isiyogusa chini.

Ina udhaifu wake. Kipokezi cha kawaida hukosea kwa mita kadhaa. Boti haisimami kama nguzo bali hutangatanga ndani ya duara dogo. Tena dira yake ni ya sumaku. Ukiweka karibu nayo nanga ya chuma, jenereta au hata panga kubwa, itadanganyika kuhusu upande, na boti itakwenda mrama huku mwenye nayo akidhani mashine imeharibika.

Nguvu na betri

Nguvu ya mota hizi hupimwa kwa ratili za msukumo. Mota ya ratili 55, ambayo ni ya kawaida, hutumia betri moja ya volti 12 na husukuma kwa nguvu ya kilo 25 hivi. Ikiendeshwa kwa kasi yake yote hunyonya umeme wa takriban ampea 50. Zidisha ampea 50 kwa volti 12, utapata wati 600. Injini ya petroli ya nguvu za farasi 15 hutoa wati 11,000. Kwa hiyo mota hii haifikii hata sehemu moja ya kumi na tano ya injini ile, na mtu asiyefanya hesabu hii ndogo ndiye atakayeuza injini yake ili anunue mota.

Betri iliyoandikwa saa-ampea 100 ingeweza, kwa maandishi, kutoa ampea 50 kwa saa 2. Lakini betri ya asidi na risasi haipendi kutumiwa kupita nusu yake. Ukiimaliza kabisa kila siku, itakufa kabla ya mwaka. Basi, saa 2 za maandishi ni saa 1 ya ziwani, na pengine pungufu ya hapo. Maji yakitulia na mota ikawa inagusagusa tu, tuseme kwa wastani wa ampea 10, nusu hiyo ya betri itadumu saa 5. Upepo ukichacha, yaani wakati ule hasa ambapo mvuvi anaihitaji, itakwisha upesi. Betri za lithiamu hustahimili kutumiwa karibu zote na hudumu miaka mingi zaidi, ila bei yake ni kubwa.

Kuchaji nako kuna hesabu. Paneli ya sola ya wati 100, kwa saa 5 za jua kali, hutoa wati-saa 500. Nusu ya betri tuliyoitaja ni wati-saa 600, na katika kuchaji kuna upotevu. Siku moja haitoshi. Wakati wa masika usitegemee hata hiyo. Wanaofikiria kuchajia dukani wakumbuke kwamba betri hiyo ina uzito wa karibu kilo 30, na kuibeba asubuhi na jioni ni kazi ya mtu wa kulipwa. Mahali pa kuchajia pawe na hewa ya kutosha, mbali na moto na sigara, maana betri ya asidi inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka.

Mto Ugalla

Sasa tumrudie mzee wetu na kiboko wake.

Mto wetu, kama kila mwanachama ajuavyo, hujaa na kutapakaa mbugani wakati wa mvua. Kiangazi hupungua mpaka ukawa mabwawa yaliyotengana, na mabwawa hayo ndiyo makao ya viboko na mamba waliobanana. Mvuvi wa Ugalla huenda na mtumbwi mwembamba wa gogo, upondo mkononi, akitafuta perege na kambale kando ya magugu. Akitaka kusimama huchomeka upondo matopeni akaufunga mtumbwi. Gharama yake ni sifuri.

Ukimpa mvuvi huyu mota inayoongozwa na GPS, umempa nini? Propela itaviringwa na magugu. Mtumbwi wa gogo hauna ubapa wa kufungia mota mbele, na betri ya kilo 30 itaubadilisha mlingano wake. Kosa la mita chache, ambalo si kitu katika ziwa, linatosha kumtia kichakani katika mkondo mwembamba. Kubwa kuliko yote ni kwamba mota haina sauti. Mtu anayepita penye viboko hugonga ubavu wa mtumbwi makusudi, ili wanyama wamsikie wakampisha. Na kiboko anayeibukia chini ya mtumbwi haiulizi GPS. Wakati huo mashine iliyoagizwa kung'ang'ania palepale haimsaidii mtu ambaye anatakiwa kuondoka mara moja. Mzee aliuliza swali la kiufundi, nasi tulicheka bure.

Ushauri wangu kwa vyama vya mtoni ni kwamba mota hizi zisinunuliwe.

Ziwa Tanganyika

Maji ya Ugalla huingia Malagarasi, na Malagarasi huingia Tanganyika. Lakini mvuvi wa Ikola au Karema haishi na mto, anaishi na ziwa ambalo kina chake hufika mita 1,470, la pili kwa kina duniani. Ukitoka pwani mwendo mfupi tu, kamba ya nanga haifiki chini. Je, huko nanga isiyogusa chini si ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa?

Hapa yatupasa kutofautisha uvuvi na uvuvi. Wavuvi wa dagaa na migebuka huvua usiku kwa taa, wengi wao kwa vipe, yaani mitumbwi iliyounganishwa kwa miti na kubeba wavu unaoshushwa chini ya mwanga. Kipe ni kizito, na ratili 55 hazikitikisi. Hata ukipata mota kubwa ya ratili 112, inayotaka volti 36, yaani betri tatu za volti 12, bado umekosea kazi. Dagaa hukusanyika chini ya taa ndani ya maji yanayotembea. Wavu nao unaning'inia katika maji hayohayo. Taa, wavu na samaki vyote husafiri pamoja na mkondo. Ukikishika kipe kwa nguvu juu ya alama moja ya ardhi, wavu utavutwa na mkondo ukalala mshazari. Mashine hukishika chombo juu ya ardhi. Samaki wa taa hawakushikwa na ardhi.

Anayebaki ni mvuvi wa mshipi, anayetafuta kuhe na sangala penye miamba. Samaki wake wana anwani. Akisukumwa na upepo hatua 50, amewakosa. Nanga yake aghalabu hukwama miambani na kukatika. Mvuvi wa namna hii ndiye anayefanana na yule Mmarekani wa kwenye simu, naye tu ndiye nitakayemfanyia hesabu.

Hesabu

Tarakimu za bei zifuatazo ni za mfano. Katibu atie za kwake baada ya kupata ankara kifani. Huko Marekani mota yenye GPS pekee huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000, na nyingine hupita mara mbili ya hapo, kabla ya usafiri na ushuru. Tuseme imefika kwetu kwa shilingi 4,000,000 na itadumu miaka 5. Betri mbili za shilingi 600,000 kila moja, za kudumu miaka 2. Sola na kidhibiti chake shilingi 800,000 kwa miaka 10. Jumla ya manunuzi ni shilingi 6,000,000.

Uchakavu wa mwaka ni huu: mota 800,000, betri 600,000, sola 80,000. Jumla 1,480,000. Ugawe kwa miezi 12, upate kama 123,300 kwa mwezi. Ikiwa boti huenda ziwani siku 20 kwa mwezi, kila siku ya kazi inadaiwa shilingi 6,170 hivi, hata kabla ya kulipa riba.

Mota inaokoa nini? Haiokoi petroli ya kwenda na kurudi. Inaokoa ile tu ambayo mvuvi huichoma akiwasha injini mara kwa mara ili arudi juu ya mwamba. Tuseme ni lita 2 kwa siku, na lita ni shilingi 3,000. Ameokoa shilingi 6,000. Tumekwisha kupungukiwa na 170, na benki haijaanza kuhesabu.

Tena mwaka wa mvuvi si miezi 12. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Katika mwaka kama huo miezi ya kazi ni 9, na deni la kila siku ya kazi linapanda hadi shilingi 8,220 hivi. Betri huzeeka hata ziwa likifungwa. Na ikiachwa miezi 3 stoo bila kuchajiwa, huzeeka zaidi kuliko ambavyo ingezeeka kazini.

Pengine mtu atasema kwamba mvuvi atapata samaki wengi zaidi. Huenda. Lakini samaki wanaotarajiwa hawaandikwi kwenye daftari la mapato mpaka wapimwe kwenye mzani. Kwanza chama kipate boti moja, wiki nne, na mtu wa kuandika kilo za kila siku, siku za mota na siku za nanga ya kawaida.

Natilia mkazo uchakavu kwa sababu nimeona mwisho wake. Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja kilichokuwa kimekopa kununua injini ya petroli. Daftari la fedha lilikuwa safi kuliko mengi niliyoyaona: kila kilo ya samaki iliandikwa, kila lita ya petroli ilikuwa na stakabadhi. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa uchakavu. Ziada yote iligawanywa, wanachama wakafurahi misimu miwili. Injini ilipovunjika gia, chama kilikuwa na deni la injini isiyozunguka, na fedha za kulipia zilitoka katika hisa za wanachama, wakiwamo wajane wawili ambao hawakuwahi kupanda boti ile. Katibu hakuiba. Aliandika kweli tupu, isipokuwa hiyo moja.

Kukodi badala ya kununua

Kwa jirani zetu wa Kenya, upande wa Ziwa Victoria, kampuni iitwayo ASOBO imewapa wavuvi injini za umeme za kusafiria, ambazo hazifanani na hii nanga ya umeme. La kujifunza kwao ni utaratibu: mvuvi hainunui injini wala betri, bali hulipia matumizi, na mzigo wa betri kuzeeka humbaki mwenye mali. Chama cha mwambao kinachotaka kujaribu mota kitafute kwanza msambazaji atakayekubali masharti ya namna hiyo. Asiyekubali kukodisha hata mashine moja kwa mwezi mmoja, ametuambia jambo kuhusu mashine zake.

Kinachoweza kununuliwa leo

Katika pendekezo la kijana kuna sehemu moja ambayo ningependa mkutano uichukue, nayo ni GPS bila mota. Kipokezi cha mkononi, au hata simu ya kawaida yenye ramani iliyohifadhiwa, humwezesha mvuvi wa ziwani kukariri mwamba wake na kurudi nyumbani ukungu ukitanda. Kwetu mtoni kina manufaa makubwa zaidi.

Lililokuwa Pori la Akiba la Ugalla lilipandishwa hadhi mwaka 2019 likawa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Wazee waliozoea kupiga kambi za uvuvi humo kwa vibali vya msimu wa kiangazi wanafahamu kwamba sheria za hifadhi ya taifa ni kali kuliko za pori la akiba. Mtumbwi uliovuka mpaka hupoteza nyavu, na mwenye nao huenda mahakamani. Mkondo hauna bango. Basi chama kiombe kwa maandishi, kutoka mamlaka ya hifadhi, tarakimu rasmi za alama za mpaka, na kila kiongozi wa kikundi azitie katika kipokezi.

Lakini zipo ramani za zamani ambazo baadhi ya vyama vimezihifadhi kabatini. Ramani hizo za serikali zilichorwa kwa kipimo cha msingi kiitwacho Arc 1960, ilhali GPS hutumia kiitwacho WGS 84. Tarakimu zilezile zikisomwa kwa kipimo kisicho chake hukosea kwa yapata mita 300 katika nchi yetu. Mita 300 ni upana wa kutosha kumweka mtu mwaminifu ndani ya hifadhi akiamini yuko nje. Kabla ya kunakili tarakimu yoyote, katibu asome pembeni mwa ramani ni kipimo kipi kilichotumika, na akipanga kipokezi achague hichohicho. Na wanachama waelewe kwamba GPS humwonyesha mtu mpaka, haimpi kibali.

Mkopo na sheria

Ikiwa baada ya haya yote chama bado kinataka kukopa, Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inataka ukomo wa madeni upitishwe na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Makofi si azimio. Muhtasari uonyeshe kiasi, riba, muda, na nani atatunza mashine usiku, maana mota hizi hufunguka kwa dakika moja na hubebwa begani. Mashine iandikwe katika daftari la mali za kudumu siku inapopokewa. Pia chama kinunue mita ya kupimia volti: betri ya volti 12 iliyopumzika ikisoma 12.7 imejaa, ikisoma 12.2 imebaki nusu na irudishwe kuchajiwa. Vipimo hivyo viandikwe asubuhi na jioni na mtu mmoja, kwa kalamu ya wino.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Chama chenu huvua kwa njia zipi, na katika kila njia, samaki wenu wako juu ya ardhi au katika maji yanayotembea?

Fanyeni upya hesabu ya uchakavu kwa bei mlizoletewa, kwanza kwa miezi 12, kisha kwa miezi 9. Ni lita ngapi za petroli zinapaswa kuokolewa kwa siku ili mashine ijilipe?

Ni mali gani ya chama chenu iliyo kazini leo bila kutengewa fedha ya uchakavu? Itajeni kwa jina na mwaka iliponunuliwa.

Ramani mliyo nayo kabatini imechorwa kwa kipimo gani?

Majibu yaandikwe na mwenyekiti wa kikundi, yatiwe sahihi na wajumbe wasiopungua watano, na katibu ayawasilishe ofisi ya Chama Kikuu pamoja na nakala ya ukurasa wa daftari la mali za kudumu. Majibu ya swali la tatu yatasomwa kwanza.